Walimu wa Awali Hawakimbii Watoto

Wiki iliyopita mwalimu wa awali kutoka Kahama aliniandikia: "Dada, nimechoka. Nikirudi nyumbani hata mwanangu akiniita naona kero. Niache kazi?" Nilimjibu siku hiyohiyo, lakini najua wenye swali lake ni wengi.

Niliwahi kufundisha awali kwa kujitolea katika shule ya msingi ya serikali, posho ikitoka kwenye michango ya wazazi. Sera ya Elimu ya Tanzania ya 2014 ilishaufanya mwaka wa awali kuwa wa lazima. Januari 2016 elimu ikawa bila ada, michango ikasitishwa, watoto wakafurika. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Mimi nilikuwa na zaidi ya 90 chumba kimoja, wengine sakafuni, na posho haikuja tena. Unamfuta huyu kamasi, yule kajikojolea, wawili wanagombea kalamu, na sauti imekauka kwa kuimba tangu saa mbili. Nilipoomba msaidizi, mwalimu mkuu akaniambia, "Hao wanacheza tu, wewe unachoshwa na nini?" Kauli ile inaniuma hadi leo. Muhula ulipoisha niliondoka, na walionifuata pale hawakudumu.

Leo nina kituo changu cha chekechea, na Januari hii walimu wangu wote wamerudi. Najivunia hilo. Mishahara yangu haiwazidi majirani, ila inatoka tarehe ileile, kila darasa lina mwalimu na msaidizi, na watoto wakilala mchana mmoja wa hao wawili anatoka kunywa chai akiwa ameketi. Mzazi akija kufoka, anaanzia kwangu.

Dada yangu wa Kahama, usiache kazi kabla hujadai msaidizi. Dai kwa maandishi, utaje idadi ya watoto wako. Wakikataa, hama shule, fani usiiache. Nanyi wenye shule, acheni kulalamika kwamba walimu wa siku hizi hawana wito. Wito haulipi kodi ya chumba. Mtoto wa miaka minne akibadilishiwa mwalimu kila muhula, anaanza upya kulia mlangoni, na mzazi anaona. Mlipeni mwalimu kwa wakati, mpeni mtu wa kumsaidia, msimwite yaya mbele ya wazazi. Na mkataba mnaompa uandike saa ya kutoka, si ya kuingia peke yake.