Kiharusi na kucheza muziki: jibu kwa anayemuuguza baba yake

Mkuu, pole sana kwa kuuguza. Umeuliza kama ni kweli mgonjwa wa kiharusi husaidiwa na kucheza muziki au ni utapeli wa mitandaoni, na umesema kaka zako wanaona ni kumdhalilisha mzee. Mimi nimemuuguza mama, Tanga, upande wake wa kulia ndio ulioathirika kama wa mzee wako. Nakujibu kwa niliyoyaona na kwa yale tuliyofundishwa na fizio wake, yaani mtaalamu wa mazoezi ya tiba.

Kuhusu zile video: baadhi ya zinazozunguka za wazee wakicheza ukumbini ni za wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili. Kundi la dansi la Mark Morris, Brooklyn, lilianza madarasa hayo mwaka 2001, yakaigwa nchi nyingi. Kiharusi ni habari nyingine. Huko kilichochunguzwa zaidi ni mdundo wenyewe. Miaka ya 1990 Michael Thaut na wenzake, Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, waliwatembeza wagonjwa wa kiharusi kwa kufuata mapigo, na hatua zikawa ndefu na za haraka zaidi kuliko za waliofanya mazoezi bila mapigo. Sikio likishazoea mdundo linajua pigo lijalo litaanguka lini, na mguu unajiandaa mapema. Tafiti za dansi kamili kwa wenye kiharusi ni chache na za watu wachache. Kwa hiyo anayekuuzia dansi badala ya fizio, mkimbie.

Faida kubwa niliyoiona mimi ni kwamba mama alikubali kurudia. Ubongo ulioumia hujifunza upya kwa kurudia kitu kilekile mara nyingi mno, na mama mazoezi ya kitandani aliyachukia. Inua, shusha, inua, shusha, baada ya muda mfupi amegeukia ukutani. Fizio akauliza alikuwa anapenda nini kabla ya kuugua. Taarabu. Basi, akasema, kuanzia leo atakwenda kutunza, kama wanavyotuzwa waimbaji ukumbini.

Ukumbi ukawa sebuleni. Simu inaimba juu ya meza, mama anakaa kwenye kiti chenye mikono kilichoegemezwa ukutani, noti ya elfu moja mkononi. Kibwagizo kikiingia anainuka, anaiendea meza kwa madaha, uzito mguu huu, uzito mguu ule, anaweka noti, anageuka, anarudi. Ukiangalia vizuri, fizio yote imo humo: kuinuka, kuhamisha uzito, kutembea, kugeuka, kukaa taratibu bila kujibwaga. Mwanzoni alishika noti kwa kushoto. Baadaye tukahamia kulia, na hapo ndipo nilipojua kwamba kwa mkono ule kushika si tatizo, kuachia ndiyo kazi. Vidole vimefumba, haviachi. Anasimama pale mezani wimbo unasonga, kidole gumba kinalegea kwanza, kisha cha shahada, noti inaanguka. Siku ya kwanza kuachia bila kusaidiwa na mkono wa pili, shangazi alipiga kigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Uchaguzi wa wimbo usiuchukulie poa. Mwangalie mzee anavyotembea sasa, hesabu hatua zake kwa dakika, tafuta wimbo wenye mapigo yanayolingana na hizo. Akizoea ndipo unapandisha kidogo, asilimia tano hadi kumi. Taarabu asilia ilitufaa, rusha roho ilikuwa na kasi mno. Kama mzee ni mtu wa rumba, mchezeshe ile sehemu ya mwanzo ya kuimba, magitaa yakianza kuchemka zima. Dalili ya kwamba umezidisha utaiona mkononi: mkono wenye udhaifu unaanza kujikunja wenyewe kuelekea kifuani. Hapo punguza kasi au mkalishe.

Sasa usalama, na hapa tafadhali msifanye mzaha. Usimvute wala kumwinua kwa mkono ulioathirika, misuli ya bega lake imelegea, hailishikilii vizuri, na linachomoka kirahisi. Sisi tulimfunga mama kanga kiunoni, fundo imara, anayemsindikiza anashika hapo na kusimama upande ule dhaifu. Kandambili marufuku, viatu viwe vya kufunga, mikeka na mazulia yote yaondolewe. Pima presha kabla. Daktari wa mama alitupa kikomo cha 180 juu au 110 chini, ikifika hapo hakuna muziki siku hiyo. Wa kwenu awape kikomo chake. Na mchoko wa kiharusi si uvivu, akisema basi ni basi.

Kama bado hawezi kusimama, acheze amekaa. Kuhamisha uzito kwenye makalio, kushoto na kulia, kwa kufuata mdundo ni zoezi tosha la kiwiliwili. Na mwacheni aimbe. Mama alikuwa hawezi kutamka hata neno maji, lakini ubeti wa wimbo alioujua tangu usichana ulimtoka wenyewe, maneno yakifuatana. Ni jambo linalojulikana, na huko Boston tangu miaka ya 1970 kuna tiba ya usemi iliyojengwa juu yake. Haikurudisha mazungumzo ya kawaida peke yake, tulihitaji mtaalamu wa usemi, ila ilimtoa kwenye unyonge wa kudhani sauti imeondoka kabisa.

Kwa kaka zako: hakuna aliyesema lazima iwe muziki wa ukumbini. Kama mzee ni mtu wa dini, dufu la kaswida lina mapigo, kwaya ina mapigo, ngoma ya kwao ndiyo usiseme. Asiyependa muziki kabisa mwacheni, kumlazimisha ndiko kumdhalilisha.

Tuambie mzee anaweza kukaa bila kuegemea au bado, na ujanani alikuwa mtu wa nyimbo gani. Nikishajua hayo nitakuelekeza pa kuanzia, ila umwonyeshe fizio wake kabla hamjagusa chochote.