Jarida moja lenye mada nyingi: jinsi tunavyolipanga letu

Mkuu, umesema una jarida la barua pepe linalotoka kila wiki, linagusa usafiri wa jijini, afya, bei za vyakula na sanaa, na wenzako wanakushauri ulivunje yawe majarida manne. Mimi na wenzangu wawili tunahariri jarida la aina hiyohiyo hapa Dar kwa miaka kadhaa sasa. Jibu langu: usilivunje. Mkazi wa Kimara anayegombania basi la mwendokasi asubuhi ndiye huyohuyo anayenunua nyanya jioni, na ndiye mwenye mtoto anayechemka homa usiku. Lipange jarida kwa kumfuata yeye.

Kinachoua majarida ya mada nyingi ni mgawo sawa. Mhariri anatenga sehemu nne, na kila wiki kila sehemu lazima ijae. Wiki ambayo sanaa haina jambo, analazimisha aya tatu, na msomaji anaziona kuwa ni za kujazia. Sisi kila toleo lina habari moja inayobeba jarida zima. Nyingine zinakaa chini yake kwa mistari miwili mitatu, au hazitokei kabisa. Ila mpangilio wa hizo za chini hatuubadilishi, ili anayetafuta bei tu ajue pa kuteremka.

Sasa, habari ipi iongoze? Hapo ndipo ilipo kazi yenyewe, na ushauri wangu ni kwamba uiachie kalenda ya jiji ikuongoze. Chukua masika, Machi hadi Mei. Mvua ikinyesha usiku kucha, Mto Msimbazi unafurika, Barabara ya Morogoro inafungwa pale Jangwani, na mabasi hayavuki. Usafiri unaongoza: anayetoka Kimara aingie Barabara ya Kawawa pale Magomeni, atokee makutano ya Morocco, ashuke mjini kwa Barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Chini yake inakuja afya, kwa sababu maji yaliyotuama yanazaa mbu, na Dar tumeshaona milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Mwambie msomaji kwamba mbu wa dengi huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Kisha bei, maana barabara za mashambani zikiharibika, mboga zinachelewa kufika sokoni. Mada tatu zimeshikana na hujamlazimisha mtu. Majarida manne yasingeweza kumpa hicho.

Juni ni bajeti ya Serikali, ambayo makali yake yanaanza 1 Julai. Januari ni ada na madaftari. Halafu kuna mapigo ya kila mwezi: EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo (za juu kabisa zinazoruhusiwa) za mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi, na ndiyo maana sisi tunatuma Alhamisi asubuhi. Siku ya kutuma ichaguliwe na habari zako. Ukituma Jumanne kwa sababu tu umesikia Jumanne ni nzuri, wiki hiyo bei yako ya petroli itakuwa imepitwa ndani ya saa ishirini na nne.

Jambo jingine ambalo wengi hawaliangalii: kila mada ina umri wake. Bei ya samaki wa soko la Feri inakufa siku ileile, kwa hiyo usiandike tarakimu moja kama vile itadumu wiki nzima. Andika mwelekeo na sababu yake. Maelezo ya afya yanakaa miezi, unaweza kuyaandaa mapema ukayaweka akiba kwa wiki yenye ukame wa habari. Sanaa ni kinyume cha bei, lazima itangulie: onyesho la Nafasi Art Space pale Mikocheni lisomwe kabla halijafunguliwa, mtu apange nauli na apange na mwenzake. Ukishajua umri wa kila mada, ratiba inajipanga karibu yenyewe.

Kichwa cha barua kitaje habari inayoongoza, basi. Ukiandika "Toleo la 34: usafiri, afya, bei na sanaa", hujamwambia mtu chochote. Na barua yenyewe iwe fupi. Gmail hukata barua inayozidi KB 102 na kumtaka msomaji abofye kuona iliyobaki, kwa hiyo sehemu ya mwisho, ambayo kwa wengi ni sanaa, wengine hawataifikia. Picha punguza; bando ni la mtu.

Kama kweli kuna wanaotaka mada moja tu, wape uchaguzi ndani ya jarida hilohilo. Huduma za kutumia majarida zinaliwezesha hilo: Substack ina sehemu ambazo msomaji anaweza kuzizima moja moja, Ghost inaruhusu majarida kadhaa ndani ya tovuti moja, na Mailchimp ina makundi ya wasomaji. Lakini usiamue kwa idadi ya waliofungua barua. Tangu 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kuhesabu barua kuwa imefunguliwa hata kama mtu hajaigusa. Mimi naamini zaidi waliobofya viungo, na kuliko wote, waliojibu. Msomaji wa Mbagala akiandika kuuliza daladala mpya inaanzia wapi, hapo nimepata habari ya wiki ijayo.

Kuhusu barua kufika kwenye kasha la msomaji: tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zinawabana wanaotuma kwa wingi. Weka SPF, DKIM na DMARC, yaani rekodi za kuthibitisha kwamba barua kweli imetoka kwako, kwenye kikoa chako (jina la mtandaoni unalotumia kutuma), na kiungo cha kujiondoa kionekane, kifanye kazi kwa mbofyo mmoja. Usikifiche. Asiyekutaka akikosa mlango atabonyeza spamu (barua taka), na hilo litawaumiza hata wanaokupenda, maana barua zako zitaanza kuangukia huko kwao pia.

Mwisho, anwani za wasomaji ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu 1 Mei 2023. Aliyekupa kadi yake Sabasaba hajakuruhusu umtumie jarida kila wiki. Muulize kwanza, na umweleze utamwandikia kuhusu nini.

Weka hapa vichwa vya matoleo yako matano ya karibuni, mkuu, tuangalie kwa pamoja ni habari ipi ingefaa kuongoza katika kila moja.