Picha kupungua kimo kwenye TV ya chogo: usikimbilie kuzungusha V-SIZE

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba TV yako ya chogo ya inchi 21 imeanza kuacha utepe mweusi juu na chini, kwamba inapowashwa asubuhi picha huwa fupi kuliko baada ya nusu saa, na kwamba sehemu ya juu inaonekana kama imekunjwa. Fundi wa kwanza amekwambia kioo kimekufa. Kioo hakijafa. Kioo kikichoka hupoteza mwanga na rangi, lakini kimo cha picha huamuliwa na saketi nyingine, ile inayoushusha mwali wa elektroni kutoka juu hadi chini mara 50 kila sekunde.

Kabla ya kufungua mfuniko, hakikisha kwamba kosa si la king'amuzi. Tangu matangazo ya analojia yalipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, nimeletewa TV nyingi zisizo na ubovu wowote, ambazo ving'amuzi vyake vilikuwa vimepangwa kutoa picha pana ya 16:9 kwenye kioo cha 4:3 kinachokaribia mraba. Chomoa waya wa king'amuzi, uwashe TV peke yake na utazame chenga. Zikijaza kioo chote, rekebisha mpangilio wa king'amuzi na kazi imekwisha. Zikibaki na utepe uleule, bonyeza kwanza kitufe cha umbo la picha kwenye rimoti, kwa kuwa baadhi ya TV huwa na 16:9 yao wenyewe. Kwa dalili ya mkunjo uliyoitaja, hata hivyo, sitarajii kwamba utaponea hapo.

Miaka ya nyuma nilikuwa na TV yenye dalili kama zako. Niliona kwenye bodi kitufe kidogo cha kuzungushwa kwa bisibisi kilichoandikwa V-SIZE, yaani cha kurekebisha kimo cha picha, nikakizungusha, picha ikajaa, nikajiona fundi. Baada ya wiki tatu hivi picha ikapungua tena, nikazungusha tena, mpaka kitufe kikafika mwisho. Siku moja picha yote ikaporomoka na kuwa mstari mmoja mweupe katikati ya kioo. Nilichokuwa nikifanya muda wote ule ni kuificha dalili huku ugonjwa ukiendelea.

Ugonjwa wenyewe unaeleweka ukijua kazi ya saketi hiyo. Katika kila mzunguko wa milisekunde 20, mwali hushuka taratibu kwa muda mwingi, kisha hurudishwa juu haraka sana, kwa takriban milisekunde moja. Kurudi huko kunahitaji volti karibu mara mbili ya zile za kushuka, kwa hiyo katika TV nyingi zinazotumia aisii (kipande cheusi chenye saketi nzima ndani yake) za aina ya LA7840 kuna kapasita, kifaa cha kuhifadhi chaji, mara nyingi ya mikrofaradi 100, ambayo hujazwa chaji wakati mwali unashuka na kuongeza volti zake juu ya zile za kawaida wakati mwali unarudi. Kapasita hiyo ikikauka, mwali huchelewa kufika juu, na mistari ya mwanzo huchorwa mmoja juu ya mwingine. Huo ndio mkunjo unaouona. Na kwa kuwa kapasita iliyokauka hufanya kazi afadhali kidogo ikipata joto, picha yako huongezeka kimo kadiri TV inavyokaa. Kama ingekuwa kinyume chake, yaani picha ni nzima mwanzoni na inapungua ikipata joto, ningeishuku aisii yenyewe au lehemu iliyopasuka kwenye miguu yake.

Ukifungua, chomoa waya wa umeme kwanza na usiguse kitu kwa muda. Waya mnene wenye kikombe cha mpira juu ya kioo hubeba zaidi ya volti 20,000, na kapasita kubwa ya pawa inaweza kubaki na volti 300 hata baada ya TV kuzimwa. Hiyo ipunguze chaji kwa rezista, kamwe si kwa bisibisi. Shingo ya kioo nayo usiigonge, maana ikivunjika hakuna la kufanya.

Tafuta aisii iliyofungwa kwenye bati la kupoozea, ambayo miguu yake inaelekea kwenye waya za yoki, yaani koili zilizovishwa kwenye shingo ya kioo. Tazama upande wa chini kwa kioo cha kukuzia. Mviringo mwembamba mweusi kuzunguka mguu ni lehemu iliyoachia, nawe ifyonze na uweke mpya. Kisha badilisha ile kapasita ya 100 pamoja na ile ya kuchuja umeme wa aisii, ambayo kwa kawaida ni mikrofaradi 1000 ya volti 35. Usitegemee mita ya kawaida kukwambia kuwa ni nzima, kwa kuwa kiwango kinaweza kuonekana sawa ilhali ukinzani wa ndani umepanda sana. Nunua za nyuzi joto 105 badala ya 85, maana hukaa karibu na bati la moto, na uangalie upande wa hasi usiugeuze. Pima pia rezista ndogo iliyo kwenye njia ya umeme kutoka flybaki, ile transfoma inayozalisha volti kubwa za kioo. Thamani yake ikiwa imepanda, volti hushuka, na kimo cha picha hushuka nazo. Kwa aisii za aina hiyo tarajia takriban volti 24.

TV ikikutolea mstari mmoja mweupe wakati wa majaribio, punguza mwanga au uzime mara moja, kwa sababu mstari huo huunguza kioo na alama yake haitoki.

Baada ya hapo ndipo V-SIZE ina kazi. Kwenye TV yangu, nilipoweka kapasita mpya, picha ilizidi kioo hata maandishi ya habari yanayopita chini hayakuonekana, nikalazimika kukirudisha kitufe karibu na pale kilipokuwa siku ya kwanza. Kama TV yako haina kitufe na marekebisho yanafanyika kwenye menyu ya fundi, andika namba zote za mwanzo kwenye karatasi kabla ya kubadilisha hata moja.