Kifaransa kilichojificha ndani ya Kiingereza

Nachapa kadi za harusi na menyu Dar es Salaam. Kadi ya Kiingereza haikosi RSVP pale chini, pamoja na namba za simu za wanakamati. Wateja kibao hutaka niandike "Please RSVP". Huwa nawaeleza kwamba herufi hizo ni kifupi cha Kifaransa, répondez s'il vous plaît, yaani tafadhali jibu, kwa hiyo "please" imeshamo. Wengine hung'ang'ania. Pesa ni zao, naandika.

Maneno yaliyoingia na Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa walioiteka Uingereza, baada ya mwaka 1066 yalishageuka Kiingereza kitambo. Yanayosumbua ni haya yaliyobaki na sura ya kwao. Yasikilize kabla hujayatamka, maana sisi tumezoea kusoma kila herufi: "rendezvous", yaani miadi, ni rondevuu, "faux pas", kosa la kiadabu, ni fopaa. Ila usizidishe. Kuna waliokariri kwamba herufi za mwisho za Kifaransa hazitamkwi, basi wakifika kwenye "coup de grâce", pigo la kumalizia, wanasema ku de gra. Hapo s inasikika. Ukiimeza, Mfaransa atasikia pigo la mafuta ya nyama!

Kwenye maana, fuata Kiingereza cha unayeongea naye. Ukiandaa menyu, ulizia wageni wanatoka wapi: "entrée" kwa Mmarekani ndicho chakula chenyewe, kwa Mfaransa ni cha kufungulia mlo. "Résumé" kwa Mmarekani ni wasifu wa kuombea kazi. Ufaransa ni muhtasari tu, na wasifu wanauita CV, ambayo nayo ni Kilatini. Hata "encore" inayopigiwa kelele ukumbini London kumwomba msanii arudie, Paris wao hupaza sauti "bis". Kwa hiyo usimkosoe mtu anayeongea Kiingereza eti Wafaransa hawasemi hivyo. Ni kweli hawasemi, na yeye haongei nao.

Kwenye kadi za send-off ninakagua zaidi neno la mchumba. Kiswahili hakijali jinsia, ndiyo maana tunateleza: mwanamume ni "fiancé", mwanamke ni "fiancée". Alama ya juu unaipata kwenye simu kwa kubonyeza e bila kuiachia, kisha unachagua. Fanya hivyo kabla ya kunitumia maandishi, kwa sababu kadi zikishatoka mashineni, kuchapa upya ni gharama ya kamati.