Densiti haikushindi mwanangu, kamata kitu mkononi kwanza

Juzi kuna msichana wa sekondari kanitumia meseji, sitasema wa skuli gani, ameandika hivi: "Shikamoo ticha, hii densiti yanishinda kabisa, fomula naijua kwa moyo lakini swali likija nachanganyikiwa, na babangu ashaniambia nichague masomo mengine." Nikamjibu marahaba, nikamwambia hiyo densiti, yaani uzito wa kitu ukilinganisha na ukubwa wake, ngoja nikuandikie vizuri ili na wenzako wasome, manake wako wengi.

Hiyo ya babake ndo ilonichoma. Mimi pia niliambiwa, tena si nyumbani, ni darasani mbele ya wenzangu wote, ticha wa fizikia kasimama na chaki yake akasema wasichana wa pwani tuwache kujisumbua, sisi yetu ni pilau na hina, fizikia ina wenyewe. Darasa zima likacheka. Nshakuwa mtu mzima, nasomesha, na bado nikipita nje ya ile skuli kile kicheko nakisikia. Wallahi mtu mzima akimwambia mtoto maneno kama yale hajui anamwekea nini kifuani. Sikumjibu. Nlienda zangu nyumbani Kisauni, hapa Mombasa, nkamwomba babangu chubwi.

Chubwi ni ile risasi wavuvi wanayofunga kwenye mshipi ndoano iende chini. Babangu alikuwa mvuvi, na alikuwa na kitu kimoja nlikuwa nkikiona tangu mdogo, akienda kununua chubwi na wauzaji wakimchanganyia na vipande vya chuma vilivyopakwa rangi, yeye hata mizani hataki, akikamata tu mkononi asema hii risasi, hii chuma, rudisha. Fizikia hakusoma. Lakini mkono wake ulikuwa ukiuliza swali lile lile ambalo mtihani unauliza: kwa ukubwa huu, mbona uzito huu? Hapo ndipo densiti ilipo. Kitu kizito si lazima kiwe na densiti kubwa, gogo la mwembe ni zito kushinda chubwi mara nyingi sana na bado gogo laelea na chubwi yaenda chini. Unalinganisha masi, yaani zile gramu ama kilo za mizani, na nafasi ambayo hicho kitu kimechukua, vyote viwili pamoja, ukiangalia kimoja peke yake umepotea.

Sasa nlivyofanya na ile chubwi, na ndivyo ninavyowafanyisha watoto wa tuisheni yangu mpaka leo. Nlienda nayo dukani nkaomba ipimwe kwa mizani, ikaja gramu 170. Kisha nkachukua bilauri nyembamba, nkatia maji nusu, nkapiga mstari kwa kalamu pale maji yalipofika. Chubwi nkaifunga uzi nkaizamisha polepole maji yasiruke, maji yakapanda juu ya mstari. Halafu hapa ndo penye utamu, unachukua bomba la sindano la famasi, lile lisilo na sindano yenyewe, unafyonza maji kidogo kidogo mpaka yarudi pale pale kwenye mstari, jicho lako likiwa sawa na maji, si kuangalia kwa juu. Maji uliyofyonza ndo ujazo wa chubwi, yaani ile nafasi inayochukua. Yangu yalikuwa mililita 15, na mililita moja ni sentimita moja ya ujazo. Fomula ni masi gawanya kwa ujazo: 170 kwa 15, wapata 11.3. Nkafungua jedwali nyuma ya kitabu, risasi: 11.3. Nlikaa pale chini jikoni nkaangalia ile namba nkahisi kama nimepewa ufunguo wa nyumba. (Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni, risasi ni sumu, na hiyo bilauri usiinywee tena.)

Tangu siku hiyo fizikia haikunisumbua. Nlipata A kwenye KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, ya fizikia hiyo hiyo, na yule ticha alikuwa bado yuko pale matokeo yalipobandikwa. Hakuniambia kitu, na mimi sikumwambia kitu.

Haya turudi kwako. Jambo la kwanza, usianze na fomula, anza na kitu mkononi. Nachukua sufuria kuukuu ya alumini na chubwi, namwambia mtoto kamata, sema wewe, kwa ukubwa sawa kipi kingekuwa kizito? Akishajua jibu kabla ya kuhesabu, fomula inakuwa ni kuandika tu kile anachokijua. Maji ni 1, alumini ni 2.7, chuma kama 7.9, risasi 11.3, dhahabu 19.3, zote gramu kwa sentimita moja ya ujazo. Mafuta ya nazi ni karibu 0.92 ndo mana yanakaa juu ya maji, na mafuta ya taa yako chini zaidi, karibu 0.8. Weka hizi kichwani, zitakusaidia kujua jibu lako lina akili ama halina. Ukipata densiti ya chuma ni 0.79 usigeuze ukurasa, jiulize kipande gani cha chuma hicho kinachoelea majini.

Na kuna mfano mmoja siupendi, ule wa matatu, hizi gari za abiria, ati matatu ikijaa watu ndo densiti kubwa, ikiwa tupu ndo ndogo. Watoto wanaondoka hapo wakiamini risasi ni nzito kwa sababu atomu zake zimebanana kushinda za alumini. Si kweli! Ukihesabu, kwenye sentimita moja ya ujazo alumini ina atomu nyingi kushinda risasi, karibu mara mbili. Risasi inashinda kwa sababu kila atomu yake moja ni nzito, masi yake ya atomu ni 207 na ya alumini ni 27. Kwa hivyo ni vyote viwili, uzito wa kila atomu na vile zilivyopangwa. Ukimfundisha mtoto nusu, mwakani atakuja mtu mwingine apate shida ya kumfundua.

Yuniti sasa. Hapa ndo alama nyingi zinakufa. Swali linataka kilo kwa mita ya ujazo, mtoto ana gramu kwa sentimita, anazidisha kwa 100 kwa sababu mita ina sentimita 100, kwisha. Sikiza, mita moja ya ujazo ni boksi la mita kwa mita kwa mita, kwa hivyo ni 100 mara 100 mara 100, sentimita za ujazo 1,000,000. Kama kichwa hakikubali fikiria mitungi ya maji ya lita 20, ile inayoletwa na mkokoteni mfereji ukikauka. Boksi hilo linamaliza mitungi 50. Kila mtungi una maji ya kilo 20, basi boksi ni kilo 1,000, tani nzima. Ndo mana densiti ya maji ni 1 ukitumia gramu na sentimita, na ni 1,000 ukitumia kilo na mita, maji ni yale yale. Kutoka huku kwenda kule zidisha kwa 1,000, kurudi gawanya. Chubwi yangu ya 11.3 inakuwa 11,300. Andika yuniti kila mstari, kila mstari, usingoje mwisho.

Na maswali ya kuchanganya, tafadhali usijumlishe densiti ukagawanya kwa mbili. Umechanganya maji matamu sentimita 200 za ujazo na maji ya bahari sentimita 600, matamu ni 1.000, ya bahari ni 1.025. Tafuta masi ya kila moja: 200, na 615. Jumla 815. Ujazo wote 800. Gawanya, ni 1.019. Ungejumlisha zile densiti ukagawanya kwa mbili ungepata 1.0125, na mtahini angekupiga mkasi, kwa haki yake, kwa sababu maji ya bahari ni mengi na lazima yavute jibu upande wao.

Wazazi, na nyinyi niwaambie bila kuficha. Mtoto hajashindwa na sayansi kwa sababu ya mtihani mmoja. Kuna wababa wanaotoa pesa za harusi bila kuulizwa mara mbili, lakini mizani ya jikoni mtoto apimie vitu ni "pesa sina". Na matisha, wacheni kuwagawanya watoto kwa jinsia na kabila mpaka kwa fomula. Msichana wa Likoni anayevuka feri kila asubuhi anaona meli za chuma zikiingia Kilindini, hakuna fizikia iliyo mbali naye. Mwonesheni ubavuni mwa meli kuna mistari yenye herufi, ya kuonesha meli yenye mzigo isizame kupita wapi, F ya maji matamu iko juu ya S ya bahari wakati wa kiangazi, kwa sababu meli ile ile na mzigo ule ule inazama zaidi kidogo kwenye maji yenye densiti ndogo. Uingereza waliweka sheria ya meli kuwa na mstari wa mzigo mwaka 1876 baada ya Samuel Plimsoll kupigana bungeni, mabaharia walikuwa wakifa kwenye meli zilizojazwa kupita kiasi. Densiti hiyo hiyo ya darasani.

Kwa hivyo wewe ulienitumia meseji, nataka unifanyie hili. Kuna kipande cha boriti ya mkoko, mbichi, urefu sentimita 20, upana 5, kimo 5, mizani yasema gramu 510. Nipe densiti kwa yuniti zote mbili, kisha uniambie ukikitia kwenye pipa la maji ya mfereji kitafanya nini, na ukikitupa baharini pale feri kitafanya nini. Andika kila mstari, nitumie picha kabla ya Jumamosi, na mwoneshe babako pia.