Umealikwa kufundisha warsha ya video nje ya nchi? Anza na viza
Hongera, ndugu. Umeuliza uanzie wapi, maana utafundisha warsha kisha uzungumze kwenye kongamano la walimu. Anza na viza: nchi nyingi hutofautisha kuhudhuria mkutano na kufanya kazi ya malipo, hivyo ukilipwa, viza ya utalii huenda isikufae. Uliza ubalozi kwa maandishi. Mambo ya kodi mpelekee mhasibu. Waandaaji nao waandike nani analipa nauli na malazi, na lini.

Kwenye warsha, tafadhali usitegemee intaneti ya ukumbi. Darasa zima likipakua programu kwa pamoja, asubuhi yote mtatazama kiduara kikizunguka. Weka programu na klipu za mazoezi kwenye flashi kadhaa, zizungushwe mezani. Ukionyesha kazi za wanafunzi, pata kwanza ridhaa ya wazazi.