Ghala ya chini kuwa pahala pa kukaa familia

Dada, nimekuelewa, ghala ya chini Mji Mkongwe wa Zanzibar, giza, ukuta unatoka unga, na unataka watoto na bimkubwa wapate pahala pa kubarizi jioni. Na sie tulikuwa na chumba kama hicho.

Usianze na makochi, anza na unyevu. Nyumba zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta unavuta maji na kuyatoa, sasa sie fundi akatupigia plasta ya saruji na rangi ya mafuta juu yake, masika ya kwanza tu ikavimba kama andazi, ukiigusa inabanduka na nyuma yake majimaji. Tukabandua yote tukapiga chokaa, tukafungua na dirisha lililozibwa matofali, hewa ikapita, uvundo ukaisha wenyewe.

Baada ya hapo raha tu: jenga baraza za kukalia kwenye kuta mbili, magodoro membamba na mito, chini mkeka wa ukili (zulia sitii, linaoza), yale madaka (vishubaka vya ukutani) weka taa za mwanga wa njano na vitabu vya watoto. Tivi mie ningeiacha juu, bao na karata zinawakutanisha zaidi.

Ila boriti zikiwa zimeliwa na mchwa au kuna ufa unaozidi, msikae humo mpaka injinia aone, na soketi ziwe juu, afunge fundi umeme wa kweli. Na kabla hujagusa dirisha pita Mamlaka ya Mji Mkongwe upate kibali, mji wetu huu ni urithi wa dunia tangu 2000.